Posa Mnarani, Maji Yamejaa

Chafya ilitoka nyuma ya kioo cha taa, na haikuwa chafya ya kistaarabu.

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki jana lilitumika kufutia madirisha kabla hawajalisoma, mambo yalikuwa hivi. Daktari wa Meno, mwanamume wa makamo, mpole, ndani ya koti jipya, alikuwa amempandisha Mama Vifungo hadi juu kabisa ya ule mnara wa kale wa taa uliojengwa kwenye mwamba, ambako watu huenda kwa miguu maji yakipwa na hurudi kwa miguu wakiwahi. Mama Vifungo ni mjane na fundi wa sare za shule. Daktari alikuwa ameshika vyuma vya kibaraza, amelamba midomo, amesema, "Mama Vifungo, kuna jambo," na hapo hapo mtu asiyeonekana akapiga chafya.

Mama Vifungo hakushtuka. Alinyanyua kidole, kumwambia Daktari angoje. Ikaja chafya ya pili. Ikaja ya tatu.

"Toka huko, wifi," akasema.

Taa ya mnara ule haiwaki tena. Kazi ya kuonyesha meli njia inafanywa na kitaa kidogo kilichofungwa nje kwenye nguzo, ambacho hata ndege hawakitazami. Lakini kioo cha zamani bado kipo, kirefu kuliko mtu, kimeundwa kwa vipande vinene vilivyopangwa kama magamba ya samaki, na kila kilicho nyuma yake hukikuza. Kwa hiyo kwanza lilitokea jicho lenye ukubwa wa sahani. Ikafuata pua yenye ukubwa wa kiatu. Kisha Wifi akazunguka kioo na kujitokeza mwenyewe, wa kimo cha kawaida, jambo ambalo baada ya lile jicho lilikatisha tamaa kidogo.

Huyu Wifi ni dada wa marehemu mume wa Mama Vifungo. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na maisha yake yote ya kazi aliandika uongo wa watu wengine neno kwa neno, hata akazijua aina zake zote. Tangu kaka yake afariki, yeye na Mama Vifungo wanakaa nyumba moja, wanapika chungu kimoja na wanagombania redio moja. Asubuhi hiyo alikuwa ameaga kwamba anakwenda hospitali kuonyesha magoti. Magoti hayo yalikuwa yamepanda ngazi zote za mnara na kufika juu kabla ya wapenzi wenyewe.

Alivaa koti la mvua la marehemu kaka yake, lililomfika kwenye vifundo vya miguu, na miwani myeusi ambayo mle ndani ilimfanya agonge kila kitu. Alisema amekuja kuona mambo ya kale kama raia yeyote, akaonyesha na tiketi.

Daktari alifanya wanavyofanya wanaume waungwana. Alinyoosha mkono, akaanza kujitambulisha. Wifi hakuupokea. Alifungua mdomo, akavuta shavu kwa kidole, akamsogelea mpaka mgongo wa Daktari ukagusa vyuma vya kibaraza.

"Unalikumbuka hili?"

Mahali palipotakiwa kuwa na gego palikuwa na pengo. Miaka mingi nyuma, Daktari akiwa mgeni kazini na chumba chake kipo juu ya duka la rangi, Wifi alimwendea na gego bovu. Daktari alimwambia hatasikia kitu, akang'oa jirani yake, gego zima lisilo na kosa lolote. Lile bovu likabaki kinywani likitamba. Tangu siku hiyo Wifi aliapa kwamba mkono wa mtu yule hautaingia tena popote panapohusu ukoo wao.

Sasa tazama kazi inavyomzoesha mtu. Badala ya kukana au kuruka, Daktari aliinamisha kichwa ili mwanga uingie vizuri, akachungulia. Akasema ndiyo, hilo ni lake, analikumbuka, kwani lilimkosesha usingizi, na alimtumia salamu za kumwomba radhi zaidi ya mara moja bila kujibiwa. Halafu, kwa sauti ya kikazi, akaongeza kwamba lile la mwisho kushoto nalo limeanza kutoboka.

Mama Vifungo akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Wifi angeweza kusamehe jino, lakini si kicheko.

Ugomvi ukawaka. Wakaulizana nani alimruhusu nani kuvaa koti la marehemu, nani alimdanganya nani kuhusu hospitali, na nani alikuwa anatoka nyumbani kila Jumamosi akinukia marashi na kusema anakwenda kununua uzi. Daktari alijaribu kuingilia akaambiwa na wote wawili, kwa pamoja, kwamba haya ni ya nyumbani. Chini, kengele ikalia. Ikalia tena. Mama Vifungo alidhani ni sehemu ya maonyesho.

Waliposhuka, bahari ilikuwa mlangoni.

Kile kijia cha mchanga walichopitia kilikuwa kimezama, na wageni wengine wote walikuwa ng'ambo. Mtunza mnara naye alikuwa ng'ambo, amekaa juu ya kreti, anakula. Alipowaona alisimama, akaweka mikono mdomoni kama tarumbeta, akapiga kelele. Upepo ulichukua karibu kila kitu. Walichoambulia ni kwamba alipiga kengele, wao hawakuja, maji yatapwa alasiri, na kazi aliyoajiriwa ni kutunza mnara, siyo watu. Kibao cha maneno hayo hayo, kwa herufi kubwa, kilikuwa kimepigiliwa pembeni mwa mlango. Wote watatu walikuwa wamepita wakikisoma.

Hapo ndipo Daktari alipoamua kuwa shujaa.

Alisema maji bado ni mafupi. Alisema atavuka, atatafuta mashua, atarudi kuwachukua. Mama Vifungo alimwambia akae. Wifi alimwambia aende. Akakunja suruali, koti akakataa kulivua kwa kuwa lilikuwa jipya na alitaka lionekane, akaingia.

Maji yalimfika miguuni, akageuka akapunga mkono. Yalimfika magotini, akapunga tena ila kidogo. Yalipomfika kiunoni hakupunga. Kile kijia ni mgongo tu wa mchanga, na ukikosea hatua moja pembeni kuna kina. Daktari alikosea hatua moja. Kichwa kikazama, kikaibuka mbali na pale kilipozamia, kikazama tena.

Mama Vifungo hajui kuogelea. Maji anayoyafahamu yeye ni ya beseni. Hata hivyo aliingia, na gauni lake, na mkoba wake begani, anamwita, mpaka wimbi likampiga mapajani na mkono wa chuma ukamkamata nyuma ya gauni ukamrudisha kwenye ngazi za mawe kwa kishindo.

Ulikuwa mkono wa Wifi. Wifi mwenyewe alikuwa keshavua koti la mvua. Aliitupa ile miwani, akajirusha.

Nyumbani hakuna aliyejua kwamba mwanamke yule anaogelea. Alifundishwa utotoni na kaka yake, kwa siri, mtoni, maana wazazi wangewaua wote wawili. Alikata maji kichwa chini, bila haraka, kama mtu anayekwenda kuchukua kitu alichosahau. Alimfikia Daktari, akamkamata ukosi wa koti, kitambaa kikalia kwa kuchanika, akambadilishia mshiko, akarudi naye anamkokota.

Pale kwenye ngazi alimlaza kifudifudi na kumkandamiza mgongo. Daktari akarudisha sehemu ya bahari. Alipoweza kupumua, Wifi alimwinamia.

"Wewe ulinitoa jino, mimi nimekutoa majini," akamwambia. "Tofauti ni kwamba mimi nimetoa kilichotakiwa kutolewa."

Mama Vifungo alikuwa analia na kucheka, na safari hii hakuna aliyemlaumu.

Ndani ya mnara, ghorofa ya kwanza, kuna chumba walichoishi watunzaji wa zamani, enzi taa ilipowashwa kwa mafuta. Kuna jiko la chuma, meza, vikombe vimetundikwa misumarini. Ukutani pana maelezo kwamba watunzaji wawili wa mwisho waligombana juu ya nani anapaswa kusugua jiko, wakaishi humo miaka bila kusemeshana. Mama Vifungo na Wifi waliyasoma hayo maelezo wakiwa wamesimama bega kwa bega.

Nguo kavu hazikuwepo. Kulikuwa na sanduku la bendera ambazo meli zilikuwa zikipandisha kupelekeana habari, na juu yake karatasi inayosema usiguse. Mama Vifungo aligusa. Wifi akapewa ya mirabaraba nyekundu na nyeupe, Daktari akajifunga ya manjano na bluu kuanzia kwapani. Maana za bendera zilikuwa zimeandikwa kwenye kifuniko cha sanduku. Ya Wifi ilisema: Unaelekea hatarini. Ya Daktari ilisema: Nataka kuzungumza nawe.

"Basi zungumza," Wifi alimwambia. "Umevaa kabisa."

Lakini Mama Vifungo alitaka kwanza kuzungumza na wifi yake. Alimwuliza sababu ya kweli. Jino aliliacha kando, maana mtu hapandi mnara na magoti mabovu kwa ajili ya jino la zamani hivyo. Wifi alizunguka sana. Alitaja heshima ya marehemu, akataja midomo ya majirani, akataja umri. Mama Vifungo alikuwa anamtazama tu, mpaka maneno yakamwishia.

"Ukiolewa," Wifi akasema hatimaye, "mimi nitagombania redio na nani?"

Alilisema kama anasoma hukumu ya mtu mwingine. Kisha akapenga kamasi kwenye bendera.

Siku zote Mama Vifungo alikuwa anahesabu kuwa anamvumilia mwanamke huyu. Hakuwahi kufikiria kwamba huenda na yeye anavumiliwa, tena kwa furaha. Alivuta kiti, akakaa karibu naye, akamwambia kwamba hata akiolewa na mwenye ikulu, redio ile haihami, na wala Wifi hahami. Atakayekuja ndiye atafute pa kukaa katikati yao, na akiona pamebana, mlango anaujua.

Daktari, ambaye mambo haya yote yalikuwa yakipangwa mbele yake kama hayupo, aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

Wifi akajifuta uso, akamwamuru aseme upesi kabla hajabadili mawazo. Daktari akasimama. Mkono mmoja ulishika bendera isidondoke, hivyo aliposa kwa mkono uliobaki. Alisema nyumba yake ina vyumba ambavyo hajafungua dirisha kwa muda mrefu. Alisema tangu alipopeleka suruali kupunguzwa kwa Mama Vifungo amepeleka suruali zote alizonazo, na sasa zote ni fupi. Angependa wazeeke pamoja, akimkubali.

Mama Vifungo akiwaza, mikono yake hutafuta kazi, na kazi iliyokuwa karibu ilikuwa lile koti, limetandazwa juu ya jiko, linachuruza, bitana yake imechanika chini ya ukosi pale Wifi alipoikamata. Alitoa mkasi mdogo mkobani akapunguza nyuzi zinazoning'inia. Akageuza koti ndani nje. Akalisogeza dirishani.

Wifi aliona mabega ya Mama Vifungo yakikakamaa.

Chini ya kwapa la kulia, bitana ilikuwa imeshonwa kwa mkono. Si kazi ya dukani. Sindano ilikuwa imekwenda mbele mara mbili na kurudi chini ya uzi wake wenyewe, mbele mara mbili na kurudi, mstari mwembamba kama sisimizi waliopanga foleni, na mwishoni fundo limefichwa ndani ya kitambaa. Mama Vifungo aliufahamu mshono huo kuliko alivyofahamu sahihi yake. Alifundishwa na mama yake. Wanagenzi wake wote aliowahi kuwafundisha waliukataa kwa kuwa unachelewesha kazi. Katika dunia nzima ni wanawake watatu tu aliowahi kuona wakishona hivyo. Mmoja ni mama yake, aliyekwisha kufa. Wa pili ni yeye.

Wa tatu ni mdogo wake, Kitindamimba.

Tuseme wazi kuhusu huyu Kitindamimba, kwa kuwa Mama Vifungo mwenyewe hamtaji. Aliondoka nyumbani siku chache kabla ya harusi ya dada yake, na gauni la harusi akaondoka nalo. Hakuna aliyejua alilitaka la nini. Mama Vifungo aliolewa na gauni la kuazima lililombana kifuani, akatabasamu kwenye picha zote. Gauni alikwisha kulisamehe. Kilichomshinda ni kwamba mama yao alipougua, kila mlango ulipofunguka alikuwa anauliza kama ni Kitindamimba. Aliuliza hivyo mpaka siku ya mwisho, na mlango ukifunguka aliingia Mama Vifungo, kila mara yeye, na bakuli la uji.

"Nani alishona hapa?" akauliza.

Daktari alitazama koti. Rangi iliyokuwa imeanza kumrudia usoni ikaondoka tena.

"Lilichanika kwenye kitasa," akasema. "Mke wangu akanishonea."

Mama Vifungo alikumbuka vizuri. Siku za mwanzo, alipomwuliza kuhusu mkewe, Daktari alijibu kwa huzuni kwamba alimtoka. Naye alimpa pole ya msiba, akamwandalia chai, na kwa wiki nzima alikuwa anasema naye kwa sauti ya chini. Na koti hili, Daktari mwenyewe alijisifu asubuhi, amelinunua mwezi huu.

Wifi akavuta bendera yake vizuri mabegani na kusimama. Ghafla alikuwa amerudi mahakamani.

"Daktari. Huyo mke alikutoka kwa kufa, au alikutoka kwa miguu?"

"Kwa miguu," akasema Daktari. "Talaka tulishapeana. Sikusema amekufa. Nilipewa pole nikashindwa kuirudisha."

Mengine yalitoka moja moja, kama meno. Mke huyo ni Kitindamimba, na amerudi. Hana ujasiri wa kugonga mlango wa dada yake. Alimwomba Daktari, kwa kuwa ni mtu pekee mjini anayemfahamu, apeleke suruali moja kupunguzwa, amtazame dada yake anaishije, kama ana hasira bado, kama ana watu. Daktari akapeleka suruali. Kisha akapeleka ya pili, na ya pili hakutumwa na mtu. Leo alikusudia kusema yote, alisema. Alitaka tu kuposa kwanza.

"Posa kwanza, ushahidi baadaye," Wifi alisema. "Nimewaona wengi wa namna hiyo. Walifungwa."

Mama Vifungo hakusikia. Aliuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ndogo sana.

"Yuko wapi sasa hivi?"

Daktari alitazama dirishani.

Ng'ambo, pembeni mwa kreti ya mtunza mnara, alikuwa amesimama mwanamke ameshika viatu mkononi, anautazama mnara. Kati yake na wao bahari ilikuwa imeanza kurudi nyuma, na mgongo wa mchanga ulikuwa unachomoza, hapa kipande, pale kipande.

Mama Vifungo hakusema ndiyo wala hapana. Alilikunja koti vizuri, kama nguo ya mteja anayekuja kuichukua. Akashuka.

Daktari alitaka kumfuata. Wifi akamzuia kwa kiganja kifuani, akamwambia hao ni ndugu, wana miaka mingi ya kuzungumza, na isitoshe yeye amevaa bendera. Akamwambia akae. Alikuwa amelainika, Wifi wetu. Alikuwa tayari anafikiria kama nyumba itatosha watu wanne.

Ndipo mlango wa chini ukafungwa, na chuma kikasuguana na chuma.

Mtu aliyefanya kazi miaka karibu na mahabusu ya mahakama hahitaji kuelezwa sauti ya komeo likisukumwa kwa nje. Wifi alishuka ngazi mbio, akausukuma mlango kwa bega, ukakataa. Akapanda tena, akamsukuma Daktari pembeni, akatoa kichwa dirishani.

Mama Vifungo alikuwa katikati ya kijia, maji magotini, anakwenda bila kutazama nyuma. Koti lilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Katika mkono wa kulia, ukiwa wazi, ukimeta kwa jua la alasiri, ulikuwa mkasi.

Wifi aliita. Upepo ulichukua kila kitu.

Na kule ufukweni Kitindamimba alikuwa amedondosha viatu na anaingia majini mbio kumlaki dada yake, mikono ameitandaza.